Carlos II na mti wa nasaba unaobebeshwa kila lawama

Mchoro wa nasaba ya Carlos II, mfalme wa mwisho wa Hispania kutoka ukoo wa Habsburg uliotawala Madrid na pia Vienna, hauishi kusambazwa mitandaoni, na hukumu ni ileile kila mara: walioana wao kwa wao mpaka wakajimaliza. Kicheko hufuata, mara nyingi kikiambatana na picha ya taya lake lililochomoza.

Wanaolaumu wana ushahidi mzito. Baba yake, Felipe IV, alimwoa Mariana wa Austria mwaka 1649. Bwana harusi alikuwa na miaka 44, binti 14, na binti huyo alikuwa mtoto wa dada yake. Babu yake Felipe, yaani Felipe II, naye alikuwa amemwoa mpwa wake. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2009 walihesabu watoto 34 waliozaliwa katika familia hiyo kati ya 1527 na 1661: 10 walikufa kabla ya kutimiza mwaka, na 17, yaani nusu kamili, kabla ya miaka kumi. Katika vijiji vya Hispania ya wakati huo, watoto wanane hivi kati ya kumi waliuona mwaka wa pili. Watoto wa ikulu walikufa zaidi kuliko watoto wa wakulima! Velázquez, mchoraji wa ikulu, alimchora kaka yake Carlos, Felipe Próspero, mwaka 1659 akiwa amening'inizwa hirizi na kengele kwenye aproni yake nyeupe. Wazazi wale walikuwa na hofu. Mtoto alikufa Novemba 1, 1661, na Carlos akazaliwa siku tano baadaye.

Sasa tuje kwenye ile namba ipendwayo, 0.254, kipimo cha jinsi damu ya wazazi wa Carlos ilivyokaribiana. Mtoto wa mabinamu wa kwanza hupata 0.0625. Mtoto wa kaka na dada hupata 0.25. Kwa hiyo Carlos alizidi hata huyo, na wengi husoma hapo wakafunga faili. Lakini Carlos alikuwa na dada, Margarita, baba mmoja mama mmoja, kwa hiyo namba yake ni ileile. Ndiye yule binti mdogo aliyesimama katikati ya mchoro maarufu wa Velázquez wa 1656. Margarita hakuwa na ulemavu wa kaka yake, aliyekuwa dhaifu wa mwili tangu utotoni. Aliolewa na mjomba wake, Leopold I wa Vienna, na binti yao Maria Antonia akafikia takriban 0.305, juu ya Carlos mwenyewe, na bado akakua, akaolewa, akazaa.

Ni kweli Margarita alikufa akiwa na miaka 21, na kati ya watoto wake wanne ni huyo mmoja tu aliyekua. Sidai mti ule haukuua. Nasema namba ile inapima hatari. Haimwandikii mtu maisha yake.

Na hao waliopanga ndoa hizi hawakuwa wapumbavu. Kanisa lilikataza ndoa za karibu namna hiyo, nao walilazimika kuomba ruhusa ya Papa. Walijua wanavuka mpaka, ila hakuna aliyejua jinsi maradhi yanavyorithiwa. Mendel, aliyegundua kanuni za urithi, alichapisha kazi yake mwaka 1866. Walichokijua vizuri ni siasa: baada ya Uprotestanti kuenea, nyumba za kifalme za Kikatoliki zilibaki chache, Ufaransa ilikuwa adui, na Madrid bila Vienna ingebaki peke yake. Tena hofu yao ilithibitika. Mwaka 1660 walimwoza Maria Teresa, dada wa Carlos kwa baba, kwa Louis XIV (nao walikuwa mabinamu kwa pande zote mbili), na mjukuu wa ndoa hiyo ndiye aliyechukua kiti cha Hispania.

Carlos mwenyewe alirithi ufalme akiwa na miaka mitatu, akatawala hadi 1700, akafa bila mtoto. Chini yake sarafu iliyokuwa imeharibika ilirekebishwa mwaka 1680. Uingereza, Uholanzi na Ufaransa zilipokaa mara mbili kugawana milki yake angali hai, alikataa, na wosia wake wa mwisho ulitaka ibaki nzima. Mtu huyu alistahili heshima zaidi ya kuwa mfano wa kuchekesha.

Mti ule uwajibike kwa makaburi ya watoto, hapo siutetei. Kuanguka kwa nasaba ni hesabu nyingine. Mwaka 1698 Carlos alikuwa amemteua mrithi, Joseph Ferdinand wa Bavaria, ambaye hata mataifa hasimu yalikubali apewe sehemu kubwa ya milki. Alikuwa mwana wa Maria Antonia, mjukuu wa Margarita, tunda la mti huohuo. Alikufa Februari 1699, akiwa na miaka sita, na vita vya urithi vikaanza 1701.