Lami ikifika mtaani, mwenda kwa miguu apite wapi?

Kabla ya lami, mitaa mingi ya Dar es Salaam ilikuwa na matuta ya bure: mashimo. Gari lilifika njia panda likitambaa, na si kwa adabu ya dereva, ni kwamba alikuwa anazihurumia shokapu zake. Kisha ukaja mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukamwaga lami, ukachimba mitaro na kusimika taa Kinondoni, Ilala na Temeke. Vumbi limepungua na mvua ikinyesha watu wanatoka nyumbani. Mwendo nao umepanda.

Sinza na Kijitonyama ni mfano mzuri, kwa sababu zilipimwa viwanja miaka ya 1970 kwa mistari iliyonyooka na mitaa inakatana kila baada ya nyumba chache. Makutano mengi ya ndani hayana taa wala kibao cha kusimama. Nani ampishe nani huamuliwa kwa honi. Honi si breki, ingawa bodaboda wetu wengi wanaitumia hivyo.

Kila mtoto anapogongwa, mtaa hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema tatizo ni watu: wanavuka wakichezea simu, wanachomoka mbele ya daladala iliyosimama, hawafundishi watoto wao kutazama kulia na kushoto. Tiba yao ni elimu na faini. Upande wa pili unataka matuta, tena leo, na yasipoletwa vijana wanachanganya kokoto na saruji usiku wakajenga la kwao.

Wa elimu hawasemi uongo. Mtu anayevuka akitokea mbele ya daladala hawezi kuonwa na bajaji inayoipita, na hakuna mhandisi wa kumwokoa kwa uhakika. Wanafunzi wanaosimama na kibao kuvusha wenzao mbele ya shule nao wanafanya kazi ambayo mtu mzima mwenye usukani anaiheshimu kweli. Lakini elimu inamdai mtoto wa miaka 7 asikosee hata mara moja, huku ikimwachia dereva nafasi ya kukosea kila siku. Faini nayo ina mipaka yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi na inamtaka dereva ampishe anayevuka kwenye zebra. Trafiki wenye tochi, yaani kipima mwendo, hata hivyo, wako barabara kuu. Ni nani amewahi kupigwa tochi katikati ya mitaa ya Tandale?

Hata hiyo 50 yenyewe ni kubwa mno kwa mtaa. Dereva anahitaji kama sekunde 1 kugundua hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Kwa mwendo wa 50, katika sekunde hiyo gari limeshakwenda mita 14 bila kupunguza chochote. Kwa mwendo wa 30, kwenye lami kavu, gari zima linasimama ndani ya mita 13 au 14. Maana yake ni kwamba mahali ambapo wa 30 ameshasimama, wa 50 ndiyo kwanza anagusa breki. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm, la mkutano wa dunia wa mawaziri kuhusu usalama barabarani wa Februari 2020, lilitaka ukomo wa 30 popote magari yanapochanganyika na watu, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono mwaka huohuo. Tatizo ni kwamba kibao cha 30 pasipo na trafiki ni bati tu. Kinachompunguza dereva mwendo ni umbo la barabara.

Hapo tunarudi kwenye matuta, na hapo ndipo nadhani wapinzani wake wanasikilizwa kidogo kuliko wanavyostahili. Mjamzito anayekimbizwa hospitali kwa bajaji anayahesabu yote. Tuta lisilopakwa rangi usiku humwangusha mwendesha pikipiki. Lililojengwa bila kufikiria maji huzaa dimbwi, na watembeao wanaolikwepa hulazimika kuingia katikati ya barabara. Lile la vijana wa usiku ndilo baya zaidi: jembamba, limesimama kama ukuta, linakwangua tumbo la kila gari dogo, kisha bodaboda anapita pembeni, kwenye upenyo ulioachwa kwa ajili ya maji, yaani palepale anapopita mwenda kwa miguu. Nimeona mama mwenye ndoo kichwani akimpisha bodaboda kwenye upenyo huo, wote wawili wakiwa wamekasirika.

Lakini ukiyasikiliza malalamiko haya vizuri, mengi ni ya matuta mabaya. Tuta pana, lenye mgongo bapa na zebra juu yake, lililofika ukingo hadi ukingo na kuachiwa njia ya maji chini, halivunji gari. Linamnyanyua anayevuka ili aonekane, na dereva analazimika kupunguza mwendo hata kama hana nia. Zebra peke yake kwenye lami tambarare siiamini: inampa mvukaji ujasiri na haimpunguzii dereva chochote, na mchanga wa mtaani unaifuta rangi mapema.

Ushahidi tunao hapa hapa. Amend, shirika lisilo la kiserikali la usalama barabarani, lilizunguka shule za msingi za Dar es Salaam zenye ajali nyingi na kufanya mambo ya bei ndogo: matuta, njia za miguu, vinguzo, vibao, wakati mwingine geti la shule likahamishiwa upande usio na magari mengi. Majeraha ya watoto kwenye maeneo hayo yalipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo, SARSAI, ukapata tuzo ya WRI Ross, tuzo ya kimataifa ya miradi inayobadilisha miji. Geti kuhamishwa! Wengi wetu tungeanza na semina.

Hata hivyo, tuta halimalizi habari ya njia panda, kwa sababu shida nyingine ni kuonana. Simama kwenye kona yoyote ya mtaa uliochangamka saa 12 jioni. Kuna mwavuli wa wakala wa fedha, kabati la vioo la chipsi na jiko lake, genge la nyanya, na bodaboda waliopanga pikipiki pua zikitazama barabara. Mtoto aliyetumwa chumvi anachomoka kati ya kabati na bajaji. Dereva anamwona akiwa tayari kwenye lami.

Miji mingine imesafisha kona zake. Hoboken, mji mdogo ng'ambo ya mto kutoka New York, ulizuia magari kuegeshwa karibu na makutano, ukaweka vinguzo na sehemu za baiskeli, na tangu Januari 2017 ukapitisha zaidi ya miaka 7 bila kifo cha ajali barabarani. Lakini kule mtu alipoteza maegesho. Hapa tunamwambia mtu apoteze mkate. Kona ndiyo yenye wateja wa pande nne, na tuliona Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani: njia zilifunguka, kisha kidogo kidogo meza zikarudi, maana njaa haikuwa imehamishwa.

Kuna hoja nyingine isiyosemwa kwenye vikao. Dada anayeshuka kwenye daladala saa 4 usiku anaipenda kona yenye chipsi na kelele kuliko kona tupu. Ukiwafukuza wote, umempunguzia hatari ya gari ukamwongezea ya vibaka.

Kwa hiyo mimi sitaki kona tupu. Nataka kabati, mwavuli na pikipiki zisogee kama mita 6 kutoka kwenye makutano, zibaki mtaa uleule, na mahali zilipotoka pajengwe ukingo ulioinuliwa, unaojitokeza kidogo barabarani wenye vinguzo vya zege, ili gari lishindwe kukata kona kwa kasi na anayevuka awe na hatua chache za kutembea. Gari la taka na la zimamoto litapata shida kukunja kona kama hiyo. Kwa mitaa yanakopita kila siku, au yenye ruti ya daladala, kona ibaki pana na kazi ifanywe na tuta.

Na bodaboda wenyewe wapewe alama ya kijiwe, kwa rangi na kwa barua ya serikali ya mtaa, kabla ya kuambiwa wasogee. Akiwa na karatasi mkononi, mwenyekiti wa kijiwe atawasogeza wenzake kwa urahisi kuliko mgambo.

Wakati wa kuyadai haya ni pale TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au mkandarasi anapoleta michoro kwenye mkutano wa mtaa. Wengi huuliza tu lami itapita kwa nani na nyumba gani zitabomolewa. Waulize pia kona zimechorwa kwa upana gani na tuta litakaa wapi, maana zege la ukingo likishakauka, kulibomoa kunahitaji bajeti nyingine.