Mwalimu wa kemia aanze kuandaa maabara angali chuoni

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi wakachangishwa, mawe na mchanga vikasombwa, kuta zikasimama. Kuhusu majengo hayo tumeshasema mengi. Leo nina neno na vyuo vikuu vinavyotupa walimu wa kuingia humo.

Chuoni, mwanafunzi wa ualimu wa sayansi akiingia maabara hukuta kila kitu mezani. Bureti, mrija wa kupimia ujazo, imeshafungwa kwenye stendi, chupa ya asidi imebandikwa kiwango chake, viashiria, vile vya kubadili rangi, vimepangwa. Anapima, anaandika, anaondoka. Aliyeandaa yote hayo ni fundi sanifu wa maabara, ambaye wahitimu wengi hawamjui hata jina. Sasa mpangie kijana huyo shule ya kata huko Chemba au Manyoni. Mwalimu wa kemia ni yeye, fundi sanifu ni yeye, mtunza stoo ni yeye, na pengine hisabati ya kidato cha kwanza amebebeshwa pia. Ukikaribia mtihani wa taifa, maelekezo ya maandalizi yanafika kutoka Baraza la Mitihani (NECTA), na shule nzima inamtazama.

Asidi haidrokloriki kali ina takribani moli 12 kwa lita. Ukitaka lita moja ya moli 0.1 kwa lita, unahitaji kama sentimita za ujazo 8.3 tu. Hesabu hiyo karatasini wanaiweza. Kinachowasumbua ni mikono: asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Sodiamu haidroksaidi, ile kostiki ya watengeneza sabuni, ni gramu 4 kwa lita kwa kiwango hichohicho, lakini hunyonya unyevu wa hewani hata ikiwa juu ya mizani, kwa hiyo huwezi kuiamini mpaka uipime dhidi ya myeyusho unaoujua. Maji ya wanga ya kupimia ayodini nayo hayalazwi, yanachacha. Vitu vidogo, lakini ukikosea kimoja, darasa zima la taitresheni, yaani kupima asidi dhidi ya besi, linaambulia namba za ajabu.

Halafu kuna maji yetu. Watu wa Dodoma hatuhitaji kusimuliwa ladha ya maji ya kisima. Kijana aliyezoea maji yaliyokenekwa, yale safi ya mvuke uliopoozwa, anafika mahali hayapo, anayeyushia sampuli zake kwenye maji ya kisima, wanafunzi wanadondoshea nitreti ya fedha, kipimo cha kloraidi, na kila sampuli inatoa mashapo meupe, hata isiyo na chembe ya kloraidi. Kloraidi ilikuwa kwenye ndoo! Watoto wameona kwa macho yao jambo lisilo kweli, na wataliandika kwenye mtihani.

Hilo halikufundishwa popote. Kemia aliisoma ndaki (kitengo cha chuo) moja, pamoja na wanaokwenda viwandani. Saikolojia na falsafa ya elimu akazisoma ndaki nyingine, kwenye ukumbi wa mamia. Kozi ya mbinu za kufundishia ipo, ila mara nyingi huishia ubaoni.

Pendekezo langu halihitaji jengo jipya. Maabara za mwaka wa kwanza chuoni zinataka miyeyusho kila wiki. Iandaliwe na wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu, wanne wanne, kwa zamu, muhula mzima, chini ya fundi sanifu. Huko ndiko wangejifunza hata ujanja wa stoo tupu: rozela ya Soko la Majengo ni nyekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye besi. Kwa taitresheni ya mtihani haifai, kwa kidato cha kwanza inatosha kabisa. Atakayesema ni hatari kuwapa kemikali kali, namuuliza kama ni salama zaidi wazishike kwa mara ya kwanza wakiwa peke yao, watoto wamewazunguka.

Mazoezi ya kufundisha nayo yaguswe. Msimamizi anafika na vumbi lake, anakaa nyuma kipindi kimoja, anapekua azimio la kazi na andalio la somo, anajaza fomu, anawahi shule nyingine. Simlaumu, barabara na posho nazijua. Ila mwanafunzi wa sayansi asipewe alama kama hakuna aliyemwona akiandaa na kuendesha somo la vitendo. Shule ikiwa na mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, wakati huo, akabidhiwe maandalizi yake, mwalimu mwenyeji akiwa pembeni. Sera ya elimu toleo la 2023 ilizinduliwa hapahapa Dodoma mwanzoni mwa 2025, mtaala mpya unataka mwanafunzi atende, kwa hiyo kisingizio cha mtaala hakipo.

Nitaambiwa fundi sanifu si mhadhiri, hawezi kutoa alama. Sawa, mhadhiri asaini. Fundi afundishe, alipwe kwa saa hizo, na jina lake liandikwe kwenye fomu.