Barafu katika Pokémon: kisu kikali, mwili dhaifu

Avalugg, mmoja wa viumbe wanaopiganishwa katika michezo ya video ya Pokémon, ana uzito wa kilo 505. Ni kipande cha barafu chenye miguu minne, na namba yake ya msingi ya ulinzi ni 184, juu kuliko hata Pokémon wengi wa aina ya Chuma. Ukimtazama unasema huyu ni ukuta. Kisha mpinzani anatandaza mawe ya Stealth Rock upande wako, unamwingiza Avalugg uwanjani, na kabla hajafanya lolote robo ya uhai wake imekwenda. Linaloniuma zaidi ni kwamba mara nyingi kazi niliyomwitia ni kuyafagia mawe hayo hayo, maana anajua pigo la Rapid Spin. Analipa kiingilio ili akafagie ukumbi.

Nimemweka Avalugg kikosini kwa muda mrefu, na mapenzi yangu kwa aina ya Barafu ni ya siku nyingi. Ndiyo maana mjadala wa kama aina hii ni nzuri au mbovu haunipiti. Pande zote mbili zina hoja, ila naona wengi wanabishana juu ya udhaifu wake na kuacha jambo kubwa zaidi.

Tuanze na sifa. Kila Pokémon ana aina moja au mbili, kila pigo lina aina yake, na mkutano wa aina hizo ndio unaoamua pigo litaumiza kiasi gani. Barafu inapiga maradufu dhidi ya aina nne: Nyasi, Ardhi, Anga na Joka. Kati ya aina 18 zilizopo leo, ni Mapigano na Ardhi tu zinazoumiza nyingi kuliko hapo, tano kila moja. Hata hivyo idadi si hoja kubwa. Angalia ni akina nani wanaoumizwa. Majoka yametengenezwa yawe na namba kubwa tangu mwanzo. Ardhi na Anga hukosi kukutana nazo karibu kila pambano. Tena aina hizi hupenda kuungana katika mwili mmoja: Garchomp ni Joka na Ardhi, Dragonite ni Joka na Anga, Landorus ni Ardhi na Anga. Hao wote Barafu inawapiga mara nne.

Katika michezo ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani mwaka 1996, Barafu ilikuwa zaidi ya hapo. Joka lilikuwa na udhaifu kwa Barafu na kwa Joka lenyewe, lakini pigo pekee la Joka lilikuwa Dragon Rage, ambalo hutoa uhai 40 tu bila kujali aina. Kwa hiyo dawa ya kweli ya Joka ilikuwa moja, Barafu. Moto nao ulikuwa bado haujapewa kinga dhidi ya Barafu, yaani kupunguziwa pigo kwa nusu. Pigo la Blizzard, lenye nguvu 120, lilikuwa linapata mara 90 kwa 100, na Pokémon aliyeganda hakuyeyuka mwenyewe: alibaki kipande cha barafu mpaka apigwe kwa moto au mtu atumie pigo la Haze. Kuganda kulikuwa sawa na kufa.

Toleo la pili, mwaka 1999, likaikata makucha. Blizzard ikashushwa hadi 70 kwa 100, Moto ukapewa kinga, na ikaja aina mpya ya Chuma inayoipuuza Barafu na kuiumiza vilevile. Mwaka 2006 yakaja mawe ya Stealth Rock. Yanamgusa karibu kila anayeingia, na kiasi kinategemea aina yake: Barafu tupu inapoteza robo, na Articuno, aliye Barafu na Anga, anapoteza nusu. Mwaka 2013 ikaja aina ya Fairy, nayo inaua majoka bila kuguswa na mapigo yao. Hata ile kazi ya heshima ya kuua majoka ikapata mgombea mwingine.

Upande wa kujilinda hauna mengi ya kusifu. Moto, Mapigano, Mwamba na Chuma vyote vinaiumiza Barafu maradufu. Kinga yake ni moja tu, dhidi ya Barafu nyenzake. Linganisha na Chuma, chenye kinga dhidi ya aina 10, na sumu haikigusi kabisa. Abomasnow, aliye Nyasi na Barafu, ana udhaifu wa aina saba, na Moto unamchoma mara nne.

Wanaoitetea hali hii husema ni mizani: Barafu inapiga sana, basi lazima ipigike. Hoja hiyo niliikubali kwa miaka. Nilianza kuitilia shaka siku nilipokaa na kalamu kupiga hesabu za Starmie.

Starmie ni Maji na Akili, hana tone la Barafu mwilini, lakini anajifunza Ice Beam. Pigo hilo tangu 2013 lina nguvu 90. Mchukue Starmie wa kiwango cha 100, mwenye shambulio maalumu (namba ya mapigo yasiyo ya mwili, kama miale) la 299, ampige Garchomp ambaye hakulelewa kwa ulinzi. Garchomp huyo ana uhai 357. Pigo linatoa kati ya 376 na 444. Amekufa hata bahati ikiwa mbaya. Pokémon wa Barafu mwenye shambulio kama hilo angepiga kwa nguvu mara moja na nusu ya hiyo, maana mchezo humwongezea anayetumia pigo la aina yake mwenyewe. Lakini Garchomp hafi mara mbili. Ile nyongeza imemwagika chini.

Waswahili husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Barafu ina kisu kikali kuliko wote na imekiazima kwa kila jirani. Wa Maji wanakibeba karibu wote, na wanakibeba wakiwa na mwili mzuri: udhaifu wao ni Nyasi na Umeme tu, na wenye Nyasi ndio hao hao Ice Beam inaowakata. Kwa hiyo ile mizani haipo. Anayepiga ni Maji, anayepigika ni Barafu. Hapo ndipo naona tatizo lilipo hasa, na kuhesabu udhaifu nne pekee hakulioni.

Mtetezi makini ana jibu, na ni jibu la haki. Atakutajia Weavile, Mamoswine na Chien-Pao. Hawa ni washambuliaji, na kwao nyongeza ile haipotei, kwa sababu hawatafuti mara nne tu. Wanawapiga hata wale ambao Barafu haina ubishi nao na bado wanaumiza. Mamoswine ana Ice Shard, pigo dogo linalotangulia, na kwa shambulio la msingi la 130 linatosha kummaliza joka aliyekwisha kujeruhiwa kabla hajainua mkono. Chien-Pao, wa mwaka 2022, ana kasi ya 135 na anapunguza ulinzi wa wote waliomzunguka kwa robo. Huyo hahitaji kuhurumiwa. Ukiiongezea aina nzima kinga, unamwongezea naye. Hilo nalikubali.

Ila washambuliaji wenye kasi wangefaulu katika aina yoyote. Swali langu ni la wale wazito, Avalugg na Regice, waliotengenezwa wawe kuta kisha wakavikwa aina isiyokinga.

Kwao, jambo jema lililofanyika ni theluji ya mwaka 2022. Kabla ya hapo kulikuwa na mvua ya mawe, iliyokuwa ikimdonoa kila asiye Barafu kidogo kidogo. Theluji iliyochukua nafasi yake haimdonoi mtu. Inawaongezea Pokémon wa Barafu nusu ya ulinzi wao dhidi ya mapigo ya mwili. Wa Mwamba walikuwa wamepata kitu kama hicho kwenye dhoruba ya mchanga tangu 2006, kwa upande wa mapigo maalumu. Napenda theluji kwa sababu Starmie hawezi kuiazima. Lazima uwe Barafu.

Na inafanya kazi. Avalugg niliyemlea kwa uhai na ulinzi hadi mwisho ana uhai 394 na ulinzi 513. Wa aina ya Mapigano mwenye shambulio 400 akimpiga Close Combat, pigo la aina yake, anaweza kumtoa 240. Theluji ikianguka ulinzi unafika 769, na pigo lile lile linatoa 162. Kwa kuwa mapigo mengi ya Mapigano, Mwamba na Chuma ni ya mwili, udhaifu tatu kati ya nne umelegezwa kwa mkupuo mmoja. Lakini theluji ni ya zamu tano, lazima kwanza iitwe, na haigusi mapigo maalumu hata kidogo. Flamethrower kutoka kwa wa Moto mwenye shambulio maalumu la 300 inamyeyusha Avalugg kwa pigo moja, theluji au bila theluji.

Hilo la Moto liachwe, ni haki yake. Ningeomba kitu kimoja: Barafu ipewe kinga dhidi ya Maji. Wapo wanaopendekeza Ardhi, lakini Ardhi tayari inaiogopa Barafu, na ikibanwa pande zote mbili, Chuma na Umeme, ambavyo Ardhi inaviumiza, vitapumua mno. Maji ndiye mwazimaji mkuu wa kisu, na leo anaingia mbele ya Barafu bila hofu yoyote. Chukua Surf ya wa Maji mwenye shambulio maalumu la 300. Sasa hivi inaweza kumtoa Avalugg 268, na Recover, pigo lake la kujiponya, inamrudishia 197. Kila zamu anarudi nyuma mpaka anakwisha. Kwa kinga, Surf ingetoa 134, na Avalugg angeweza kusimama pale, kujiponya, kisha kufagia mawe.