Maji ya chaza yakichafuka, afungiwe nani?

Mvua kubwa inaponyesha katika pwani zenye mashamba ya chaza na kome, mambo hufuatana kwa mpangilio uleule. Mabomba ya majitaka hufurika, mito huteremsha samadi kutoka malishoni, na muda si mrefu mamlaka hutangaza kwamba uvunaji umesitishwa hadi itakapotolewa taarifa nyingine. Mvunaji anayelalamika huonekana kama mtu anayetaka kuuza sumu ili mradi apate faida. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Ukimsikiliza vizuri, hadai kuruhusiwa kuvuna kwenye maji machafu. Anauliza kwa nini anayefungiwa kila mara ni yule aliye mwisho wa mteremko, wakati aliyeyachafua maji anaendelea na shughuli zake.

Mamlaka nazo zina hoja nzito, iliyopatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Katika majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliyotokana na chaza iliwapata watu wapatao 1,500 nchini Marekani na kuua takriban 150, na ndipo mpango wa taifa wa usafi wa samakigamba, yaani chaza, kome na jamaa zao, ukaanzishwa. Kanuni zake za sasa zinataka maji ya eneo lililoidhinishwa yasizidi, kwa kiwango cha kati, koliformi 14 za kinyesi, yaani bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi, katika kila mililita 100. Ukilinganisha na kikomo cha 200 kilichopendekezwa nchini humo mwaka 1976 kwa maji ya kuogelea, utadhani waliotunga kanuni hizo walikuwa na woga uliopita kiasi. Hawakuwa nao. Muogeleaji humeza funda moja kwa bahati mbaya, ilhali chaza mkubwa, joto la maji likimfaa, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku na kubakiza mwilini mengi ya yaliyokuwemo. Kisha huliwa mbichi, pamoja na utumbo wake. Kufunga eneo ni hatua ya haraka, yenye gharama ndogo kwa serikali, na huokoa maisha. Anayetaka iondolewe hajui anachokiomba.

Shaka yangu inaanzia pale hatua hiyo inapofanywa kuwa ndiyo sera nzima. Ulaya hupima nyama ya chaza wenyewe badala ya maji. Ili eneo liwe daraja A, asilimia 80 ya sampuli zisizidi E. coli 230, aina moja ya koliformi hizo, katika gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya gamba, na isiwepo hata moja inayovuka 700. Daraja B huvumilia hadi 4,600 katika asilimia 90 ya sampuli, kwa sharti kwamba chaza wasafishwe kabla ya kuliwa wabichi. Huwekwa kwenye matangi ya maji safi ya bahari yanayozungushwa, mara nyingi yakipitishwa kwenye mionzi ya urujuanimno, na nchini Uingereza hukaa humo kwa kawaida saa 42 wakitoa walichokimeza. E. coli hutoka kweli. Hapo watetezi wa matangi huuliza swali la kihasibu: ikiwa tangi linaweza kumaliza kazi kwa siku mbili, kuna sababu gani ya kutumia mabilioni kusafisha bonde zima la mto?

Sababu ni norovirusi, virusi vinavyoleta kutapika na kuhara, na jambo hili halipewi uzito linaostahili. Virusi hivi hushikamana na aina fulani za sukari zilizomo kwenye tishu za mfumo wa chakula wa chaza, sukari zinazofanana na za utumbo wa binadamu, kwa hiyo havisombwi na maji kama bakteria wanavyosombwa. Chaza anaweza kutoka tangini akiwa amefaulu kipimo cha E. coli, akapata cheti chake, na bado akamlaza mlaji kitandani. Kipimo chenyewe huhitaji sampuli ikae kwenye kiatamishi chenye joto la nyuzi 44 hivi, na jibu hupatikana baada ya siku moja au mbili, pengine mzigo ukiwa umekwisha kusafirishwa. Mwishoni mwa Desemba 2023, Ufaransa ilipiga marufuku uuzaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon baada ya watu kuugua, katika wiki ile ile ya mwaka ambayo Wafaransa hula chaza kwa wingi. Wafugaji wa chaza walinyooshea kidole mtandao wa majitaka uliozidiwa na mvua. Ukaguzi wa bidhaa ulifanya kilichokuwa katika uwezo wake, yaani kuzuia mauzo baada ya madhara kutokea.

Wakazi wa juu ya mto wana utetezi wao, na baadhi yake ni wa haki. Mfugaji huambiwa ajenge uzio kando ya kijito na kupoteza sehemu ya malisho kwa ajili ya biashara ya mtu asiyemjua, huku ndege wa baharini nao wakichangia koliformi zilezile. Tena bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao nao huweza kumuuguza mlaji, huishi baharini kwa asili, na mtambo wowote wa majitaka hautawaondoa. Lakini hoja ya ndege imepungua nguvu tangu maabara zilipoweza kutofautisha kinyesi cha binadamu, ng'ombe na shakwe kwa alama za DNA. Mwenye bomba linalovuja hana tena pa kujificha nyuma ya shakwe.

Haya yalishaamuliwa mahakamani zamani. Mwaka 1902 chaza wa Emsworth, Uingereza, walisababisha homa ya matumbo katika karamu za Winchester na Southampton, na mkuu wa kanisa kuu la Winchester akawa miongoni mwa waliofariki. Mfanyabiashara wa chaza aitwaye Foster aliishtaki halmashauri ya Warblington iliyokuwa ikimwaga majitaka kwenye mabwawa yake, na mwaka 1906 mahakama ya rufaa ikampa haki. Biashara ya chaza ya Emsworth, hata hivyo, haikurudia hali yake ya awali.

Jimbo la Washington nchini Marekani limepata njia ya kuunganisha pande hizi mbili. Huko, eneo la samakigamba likishushwa daraja kwa sababu ya uchafuzi unaotoka sehemu nyingi zilizotawanyika, kaunti hulazimika kisheria kuunda wilaya ya kulinda samakigamba ndani ya siku 180, pamoja na mpango wa kushughulikia vyanzo kama mashimo ya majitaka ya nyumbani na samadi ya mashambani, na inaweza kutoza ada ili kuugharimia. Mvunaji bado anasimamisha kazi siku ileile tangazo linapotoka. Tofauti ni kwamba tangazo hilohilo linamfikia pia mwenye ng'ombe na mwenye shimo bovu, likiwa na tarehe ya mwisho.