Hajaiva

Kwa ambao bado hamjaisikiliza voisi ya shoga yangu, subirini kwanza. Anadai nilimtafuna kamba koche wa mezani kwa wakwe zangu. Uongo mtupu, sikufika hapo.

Jana mchana tulikuwa kwa wakwe, kusini mwa Ufaransa. Mama mkwe katoa sinia la kauri la Vallauris, mji wa wafinyanzi kule karibu na Cannes, ambako hata Picasso alikuwa akifinyanga masahani. La miaka ya 1950 hilo. Bibi yake mume wangu alilinunua fungateni. Katikati kalala kamba koche mwekundu, anang'aa, ukubwa wa kamba koche hasa. Kwamba ni wa udongo nimeambiwa baadaye! Mimi nilichokiona ni bwana mkubwa kazungukwa na kamba wa kweli, kome wa kweli, vipande vya limau, na mayonezi imemdondokea mgongoni.

Na mkumbuke, kamba koche wetu wa Unguja hana magando. Ndevu ndefu tu. Wa kwao ana magando kama ngumi za bondia, na kando ya sahani yangu nimewekewa koleo la kuyavunjia. Mtu ukipewa koleo ulifanyie nini, unyolee nyusi?

"Jisikie nyumbani, mwanangu," kasema baba mkwe.

Basi nikajisikia.

Nikalikamata gando la kulia. La baridi. Nikajisemea, wametoa kwenye friji, ndio mambo yao. Nikabana. Gumu. Mume wangu kanikodolea macho, nikadhani ananionea fahari. Nikainuka kidogo kitini, kiwiko juu, nikabana kwa nguvu zote za mtu aliyekulia kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

TA!

Gando likaruka. Nalifuata kwa macho: likapita juu ya mkate, likagonga chupa, likatumbukia kwenye glasi ya bibi. Ndiyo, bibi yuleyule wa fungate. Mvinyo ukamrukia hadi kwenye miwani. Meza nzima kimya. Nikachungulia pale begani palipomegeka: pakavu, hamna nyama. Na hapo, wallahi, akili yangu ingali baharini, nikatoa hukumu kwa sauti, tena kwa Kifaransa kilichonyooka:

"Hajaiva."

Shoga yangu akaenda chini ya meza. Eti anatafuta kitambaa.

Mengine mafupi: bibi kacheka mpaka kapigwa mgongo, gundi ikaletwa, gando limerudi limepinda kidogo. Nyie mnaoandika "hukuona tu?", kamlaumuni mfinyanzi. Nani anamweka kamba wa bandia katikati ya kamba wa kweli?

Jumapili ijayo tumealikwa tena. Kuna chaza, na sahani zake, naambiwa, zina vishimo sita vilivyofinyangwa kwa sura ya chaza. Mimi nitakula mkate.