Umelala Miezi Minane, Leo Unataka Kukaa na Mwenye Filimbi

Jamani, mtu amelala miezi minane. Zoezi lake kubwa lilikuwa kunyanyuka kwenye kochi kufuata rimoti. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi huyo hapo viwanja vya Furahisha, Mwanza, fulana ya klabu ya jogging imegoma kufunika kitambi, na kwenye msafara anataka mbele kabisa, ubavuni kwa mwenye filimbi. Kaka, mbele kunakuhusu nini?

Kundi nalo lina uchawi wake. Wimbo unaitikiwa, watu barabarani wanapiga makofi, unaondoka na mwendo wa mwaka juzi. Haya, fikeni kwenye mlima wa Capri Point tuone. Na anayeogopa kupanda tu hajui kitu. Kinachoua mapaja ni kushuka, maana msuli unafunga breki huku unavutwa. Jumamosi unatamba, Jumapili unachechemea, Jumatatu ndiyo maumivu yamekolea: unashuka ngazi kinyumenyume kama fuso linarudi rivasi.

Halafu pumzi, mwongo mkubwa huyo! Wiki chache tu anarudi, unajiona umepona. Kano ya kisigino haina habari hiyo, yenyewe inajijenga kwa miezi. Ndiyo maana siku ya kwanza mtu anaponea, anakuja kuumia wiki ya tano, akishaongeza mwendo, kisha lawama zote kwa raba. (Na raba zenyewe! Zimekaa uvunguni muda wote huo. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama kigae, hizo peleka shambani.)

Kwani ukianza taratibu utapigwa faini? Tembea haraka dakika 10, mwili upate moto. Kisha kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Ni dakika 24, basi, kaoge. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Ukiona mwili haulalamiki kesho yake, wiki inayofuata kimbia 2, tembea 2. Ukilalamika, rudia wiki ileile, hakuna anayekufukuza. Una homa? Baki kitandani. Kifua kikibana, simama hapohapo uende hospitali; usisubiri wimbo uishe.

Ukiwa na kundi, saa ya bei mbaya ya nini? Kipimo ni wimbo. Ukiitikia mstari mzima bila kukata, mwendo ni wako. Ukibaki unafungua mdomo kama sato aliyetolewa majini, punguza. Na mwambie kiongozi kabla hamjaondoka: "Leo naishia nusu, nakata kona." Eti hilo watu wanaona aibu! Kurudishwa na bodaboda, raba mkononi, hawaoni.

Kaa nyuma na wazee. Wanatembea bila kuomba radhi, na ndio wanaojua supu inanywewa wapi.