Je, Vijana wa Japani Wameikataa Ndoa?

Mwaka 2024 Japani ilipata watoto takriban 686,000 tu, na kama ilivyo kila takwimu za uzazi zinapotoka, lawama ziliwaendea vijana: wamezoea kuishi peke yao, hawataki tena kuoa wala kuolewa. Hoja hiyo haikuzuka hewani. Utafiti wa kitaifa wa uzazi, unaofanywa na taasisi ya serikali takriban kila baada ya miaka 5, ulionyesha mwaka 1982 kwamba wanaume wasiooa wa umri wa miaka 18 hadi 34 waliosema hawataoa kamwe walikuwa asilimia 2.3. Mwaka 2021 walifikia asilimia 17.3, na miongoni mwa wanawake asilimia 14.6. Aidha, karibu theluthi moja ya vijana hao walisema hawana haja ya kuwa na mpenzi.

Hata hivyo, katika utafiti huo huo wa 2021, asilimia 81.4 ya wanaume na 84.3 ya wanawake walisema wanakusudia kufunga ndoa siku moja. Mkosoaji atasema, na ana haki, kwamba swali lenyewe lina majibu mawili tu, kwa hiyo asiyeamua bado huhesabiwa pamoja na wenye nia. Tena kusema utaoa hakumgharimu mtu chochote.

Lakini tuwafuate waliojibu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, takriban asilimia 90 ya vijana wasio na ndoa walisema watafunga ndoa. Waliokuwa na umri wa miaka 22 wakati huo walitimiza miaka 50 ifikapo sensa ya 2020, na sensa ikakuta asilimia 28 hivi ya wanaume wa umri huo, na karibu 18 ya wanawake, hawajawahi kufunga ndoa. Tukiwatoa wote waliokataa tangu awali, bado linabaki kundi kubwa la watu, hasa wanaume, walioitaka ndoa wasiipate. Hao waliingia katika soko la ajira wakati bei za hisa na ardhi zimeporomoka na kampuni zikipunguza ajira za kudumu, katika jamii ambayo bado humpima mchumba wa kiume kwa uthabiti wa kipato chake. Sioni ni kwa vipi hali hiyo iitwe kukataa.

Jambo hili lina uzito wa pekee Japani kwa sababu watoto wanaozaliwa nje ya ndoa hawazidi sana asilimia 2, ilhali wanandoa waliodumu pamoja miaka 15 hadi 19 walikuwa na wastani wa watoto 1.90 mwaka 2021. Wastani huo umeshuka, ndiyo, ila pengo kubwa liko kwa wale ambao hawakufika kwenye ndoa kabisa. Posho za watoto, ambazo nazitetea, huwafikia waliokwisha kuoana. Serikali ya jiji la Tokyo ilijaribu kuwafikia wengine mwaka 2024 kwa programu ya simu ya kutafutia wachumba, na miongoni mwa nyaraka ambazo kila anayejiunga hutakiwa kuwasilisha ni uthibitisho wa kipato chake cha mwaka.